Kadhia ya Zanzibar na OIC: Nani Alikuwa na Kalamu?

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Mwaka 1993 tulikuwa vijana wa darsa katika msikiti mmoja wa Ng'ambo, Unguja. Kitabu kilikuwa Minhaj ya Imam Nawawi, rahimahullah, na mwalimu wetu alikuwa mtu wa maneno machache. Siku moja baada ya sala ya Alasiri, kabla hatujafunua kitabu, mabishano yalizuka. Habari ilikuwa imeshaenea kwamba Zanzibar inajitoa katika Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, yaani OIC. Mwenzetu mmoja akasema mwenye kutia saini ya kujitoa ameritadi. Mwingine akasema hiyo siasa tu, dini haimo. Wa tatu akawa analia kabisa. Sheikh alitusikiliza mpaka tukachoka wenyewe, kisha akasema: "Wanangu, leo hatuendelei pale tulipoishia. Funueni Kitabu cha Sharika."

Tulidhani amekwepa. Wakati ule kila mtu akikwepa. Imetuchukua miaka mingi kufahamu kwamba alikuwa ndiye peke yake aliyelijibu swali.

Ndugu msomaji, kadhia hii imesimuliwa mara nyingi, na karibu kila anayeisimulia anaianza mwishoni mwa 1992. Sisi tunaona ianzie 1964, kwani mwenye kuianza 1992 ataiona kuwa ni ugomvi wa Waislamu na Wakristo, na hivyo sivyo ilivyokuwa katika asili yake.

Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, na siku sita baadaye ikapewa kiti chake katika Umoja wa Mataifa, siku moja na Kenya. Yakaja Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Serikali mpya ikafungua uhusiano na Ujerumani ya Mashariki, ikakubali ubalozi wake uwepo Unguja. Kisha tarehe 22 Aprili 1964 Rais Karume na Rais Nyerere wakatia saini Hati za Muungano, zikathibitishwa tarehe 26. Hati zile ziliorodhesha mambo kumi na moja yatakayokuwa ya Muungano, na mambo ya nchi za nje yalikuwa miongoni mwake. Kiti cha Umoja wa Mataifa kikawa kimoja.

Mgongano wa kwanza ukaja pale pale, na haukuhusu dini hata chembe. Ujerumani ya Magharibi ilikuwa na msimamo kwamba nchi inayoitambua Ujerumani ya Mashariki haitapata urafiki wake. Tanganyika ilikuwa ikipokea misaada ya Bonn, na Zanzibar ikipokea ya Berlin ya Mashariki. Sasa dola ni moja, je, ubalozi wa Unguja ubaki au ufungwe? Karume hakutaka kuwapoteza marafiki zake. Mwishowe, mapema 1965, Mwalimu Nyerere aliamua Wajerumani wa Mashariki wawe na ubalozi mdogo Dar es Salaam, bila ya kutambuliwa kuwa dola kamili. Bonn ikakasirika, ikaondoa msaada wake wa kijeshi, naye Mwalimu akawaambia waondoe na uliobaki. Wajerumani wa Mashariki waliendelea kujenga Unguja, na majumba yao ya Kikwajuni na Michenzani yapo mpaka leo, watu wanaishi humo.

Tunalitaja hili kwa urefu kwa sababu maalumu. Mgeni wa 1964 alikuwa mkomunisti asiyeamini Mungu, na mgeni wa 1992 alikuwa jumuiya ya mataifa ya Kiislamu, lakini swali lililoulizwa lilikuwa lile lile: Zanzibar ikitaka kufunga jambo na watu wa nje, nani anashika kalamu?

OIC yenyewe iliasisiwa Rabat mwezi wa Septemba 1969, mwezi mmoja baada ya Msikiti wa Aqsa kutiwa moto. Katika jirani zetu, Uganda iliingia 1974 na Visiwa vya Ngazija 1976. Uganda ina Wakristo wengi kuliko Waislamu, na serikali zote zilizokuja baada ya Idi Amin zimebaki humo. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Mbale, kilichofunguliwa 1988, ni tunda la uanachama huo, na vijana wetu wengi kutoka Bara na Visiwani wamesoma pale. Kuna pia Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ya Jeddah, ambayo nchi haiingii mpaka kwanza iwe mwanachama wa OIC.

Hapa ndipo penye hali ya Zanzibar ya wakati ule. Karafuu ilikuwa imeanguka. Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa kwa ajili ya sigara zake za karafuu, ilipanda mikarafuu yake mpaka ikajitosheleza, na bei ya dunia ikaporomoka katika miaka ya 1980. Serikali ya Zanzibar ilibaki na skuli, hospitali, barabara za ndani na maji, kwani hayo si mambo ya Muungano, nayo ilitakiwa iyagharimie. Desemba 1992, chini ya Rais Salmin Amour, Zanzibar ikajiunga na OIC.

Kelele zilizofuata, waliokuwa watu wazima wanazikumbuka. Mfumo wa vyama vingi ulikuwa umeruhusiwa Julai 1992, na kila mwenye neno alipata pa kulisemea. Upande mmoja ulisema nchi isiyokuwa na dini inaingizwa katika dini kwa mlango wa nyuma. Upande wetu ulijibu kwamba nchi hiyo hiyo ina uhusiano wa kibalozi na Vatican tangu miaka ya 1960, na kwamba mwaka ule ule wa 1992 Serikali ilitia saini hati ya makubaliano na makanisa juu ya huduma za elimu na afya. Aprili 1993 mabucha ya nyama ya nguruwe yalivunjwa Dar es Salaam na watu wakatiwa ndani. Rais wa Muungano alikuwa Mzee Ali Hassan Mwinyi, Muislamu na Mzanzibari, kwa hivyo kila alilofanya na kila aliloacha kufanya lilipewa tafsiri ya kidini. Jibu letu la Vatican tunaliona mpaka leo kuwa lina nguvu, lakini ni jibu la swali jingine. Linajibu kama Tanzania inaweza kujiunga. Halijibu kama Zanzibar inaweza kujiunga peke yake.

Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Philip Marmo ililichunguza jambo hilo, na mapema 1993 ikasema kuwa Zanzibar imevunja Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Agosti 1993 Zanzibar ikajitoa, kwa maelewano kwamba Serikali ya Muungano italiangalia suala la Tanzania nzima kujiunga. Tafadhali, ndugu msomaji, uliweke akilini neno hilo la mwisho, tutalirudia.

Sasa turudi msikitini, kwenye Kitabu cha Sharika.

Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i, rahimahullah, ubia uliosihi ni mmoja tu, nao ni sharikatul-'inan. Ule wa mufawadha, ambao wabia wanafungamana katika kila kitu, faida na dhima, kila mmoja akibeba analolifanya mwenziwe hata asilolijua, Imam aliukataa kwa ukali mkubwa, kwani umejaa gharar. Katika 'inan kila mbia anatoa mali inayojulikana, na mali hizo zichanganywe, khalt, mpaka isiwezekane kupambanua hii ya nani na ile ya nani. Kisha lazima iwepo idhini ya kutumia. Mbia mwenye idhini anatumia bila ya kumdhuru mwenziwe. Hauzi kwa mkopo ila kwa idhini, na hasafiri na mali ya ubia ila kwa idhini.

Sheikh alipofika hapo alinyamaza kidogo, akatutazama. Alikuwa na desturi ya kutazama hivyo akitaka mtu aone mwenyewe.

Kila mtu Tanzania ameiona ile picha ya 1964, Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa pande mbili. Hiyo ndiyo khalt. Lakini si kila kitu kilichanganywa. Mambo ya nje yalichanganywa, ulinzi ulichanganywa, uraia ulichanganywa. Elimu ya skuli, afya, kilimo cha karafuu na mahakama za Kadhi havikuchanganywa. Kwa hivyo, kwa kipimo cha fiqhi, Zanzibar ilipokwenda OIC ilisafiri na mali iliyochanganywa bila ya idhini ya mwenziwe. Tunajua maneno haya hayawapendezi baadhi ya ndugu zetu, na sisi wenyewe tungependa yawe vinginevyo. Lakini Suratul-Maida katika aya yake ya kwanza imetuamrisha kutekeleza mikataba, na haikuivua mikataba tuliyofunga na wasiokuwa Waislamu, wala ile ambayo imetuelemea. Mtume (S.A.W.) pale Hudaybiyya, mwaka wa sita wa Hijra, alimrejesha Abu Jandal kwa baba yake, naye Abu Jandal amefungwa minyororo na analia mbele ya Waislamu, kwa sababu sharti lilikuwa limeshakubaliwa. Hakuna OIC iliyo nzito kuliko Abu Jandal.

Lau sheikh angeishia hapo, waliosema Zanzibar ijitoe wangefurahi. Hakuishia hapo. Katika Minhaj, Kitabu cha Sharika kinafuatiwa na Kitabu cha Wakala, naye akafunua ukurasa akaendelea.

Mbia akiachiwa kutumia mali, anakuwa wakili wa mwenziwe katika fungu la mwenziwe. Wakili ni mtu wa amana. Anatumika kwa maslahi ya aliyemuwakilisha, si kwa raha yake. Hauzi chini ya bei ya mfano wake. Na hukumu ambayo sisi tunaiona kuwa ndiyo moyo wa kadhia yote hii ni kwamba wakili hajiuzii mwenyewe mali aliyokabidhiwa auze. Hata kama bei ni nzuri na yeye ni mcha Mungu. Sababu ni tuhuma: mtu mmoja hawezi kusimama pande mbili za mapatano, akawa mwenye kutaka bei ipande na mwenye kutaka bei ishuke.

Tazama basi muundo wa serikali mbili. Ipo Serikali ya Zanzibar kwa mambo ya Zanzibar, na ipo Serikali ya Muungano kwa mambo ya Muungano. Mambo ya Tanganyika yasiyokuwa ya Muungano yanashughulikiwa na nani? Na hiyo hiyo Serikali ya Muungano. Ni wakili wa wote wawili, na papo hapo ni mbia mmoja katika hao wawili. Zanzibar ilipotaka OIC kwa ajili ya skuli zake na hospitali zake, aliyetakiwa kuitilia saini alikuwa pia ni yule ambaye wapiga kura wake wengi hawaitaki. Hatusemi kwamba watu waliokuwa madarakani walikuwa na nia mbaya, nia anazijua Allah (S.W.). Tunasema fiqhi haikungoja kuchunguza nia za wakili, ilimfungia mlango kabisa.

Ajabu ni kwamba waliolisema hili kwa sauti kubwa zaidi mwaka ule walikuwa wabunge wa Bara. Kundi la wabunge hamsini na watano, G55, likiongozwa na Njelu Kasaka, lilipeleka Bungeni hoja ya kutaka Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Hoja yao ilitokana na hasira juu ya OIC: kama Zanzibar ina serikali yake ya kuisemea, nani anaisemea Tanganyika? Agosti 1993 Bunge likaikubali. Mwalimu Nyerere, ambaye hakuwa tena na cheo, aliipinga kwa nguvu zake zote, na mwaka uliofuata hoja ikazimwa. Akaandika Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, kitabu kidogo kilichotoka 1994, ambacho ndani yake anawalaumu waziwazi Waziri Mkuu John Malecela na Katibu Mkuu wa chama, Horace Kolimba, kwa kuliacha jambo likafika hapo. Kabla mwaka haujaisha Malecela hakuwa tena Waziri Mkuu. Mwalimu hakuficha kwamba kwake Zanzibar na G55 wamekosa kosa la namna moja, yaani kila mmoja anavuta kamba upande wake.

Aliyekuwa ametangulia kuuliza swali hilo kwa njia ya sheria alikuwa Mzee Aboud Jumbe, Rais wa pili wa Zanzibar. Mapema mwaka 1984, kikaoni Dodoma, alilazimika kujiuzulu vyeo vyote kwa sababu ya kuandaa mashitaka ya kikatiba juu ya muundo wa Muungano. Baadaye, mwaka 1994, alitoa kitabu kwa Kiingereza ambacho neno la kwanza la jina lake lina maana ya ubia. Hatujui kama aliipitia Minhaj alipokuwa akikiandika, ila alikuwa mtu wa dini na alimalizia umri wake katika kuitumikia, mpaka alipofariki Agosti 2016. Allah amrehemu.

Wapo wanaosema palikuwa na njia ya tatu, na hoja yao inastahiki kusikilizwa. OIC haikuwahi kuwa na madola peke yake. Waislamu wa Kituruki wa Cyprus walipewa nafasi ya mtazamaji 1979, na chama cha ukombozi cha Wamoro wa Ufilipino 1977, na wote hao si dola zenye viti Umoja wa Mataifa. Mtazamaji hapigi kura, lakini anaingia ukumbini na anajulikana. Hata katika Umoja wa Mataifa wenyewe, Ukraine na Belarus zilikuwa na viti vyao tangu 1945 nazo zimo ndani ya Muungano wa Kisovieti. Kwa hivyo sehemu ya dola kuwa na kiti si jambo lisilopata kutokea. Sharti lake ni moja, nalo ni kwamba mwenye dola aridhie, nasi tumerudi kwenye idhini.

Tufahamu pia mipaka ya qiyas hii, asije mwanafunzi akaibeba pasipostahiki. Ubia wa 'inan ni 'aqd jaiz, mmoja wa wabia anaweza kuuvunja siku yoyote akitaka. Mkataba wa mataifa si hivyo, kwani ndani yake mna damu za watu, ndoa, makaburi na watoto waliozaliwa pande zote mbili. Mwenye kuchukua hukumu ya kuvunja ubia wa duka akaiteremsha juu ya Muungano wa mamilioni ya watu amekosea njia. Tumeitumia sharika kwa kuonesha ni nani anahitaji idhini ya nani, na wakili anadaiwa nini. Zaidi ya hapo tunasita.

Sasa lile neno tulilokuomba uliweke akilini. Zanzibar ilirudi kwenye mkataba Agosti 1993. Ilifanya linalompasa mbia aliyesafiri bila ya idhini: ilirudisha mali mahali pake. Aliyebaki na deni ni wakili, kwamba aliangalie suala la Tanzania kujiunga. Mwaka uliofuata Msumbiji, nchi yenye Waislamu wachache kuliko Wakristo, ikajiunga, na hakuna kanisa lililofungwa Maputo. Tanzania ikakaa kimya. Mwaka 2008 Waziri wa Mambo ya Nje, Bernard Membe, alisema hadharani kwamba haoni madhara Tanzania kuingia OIC. Maaskofu wakampinga, na faili likarudi kabatini.

Mwaka huo huo, Julai 2008, Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliulizwa Bungeni juu ya hadhi ya Zanzibar, akajibu kuwa Zanzibar si nchi. Visiwani palichafuka. Watu waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya CCM na CUF walikaa baraza moja kulizungumza hilo. Mwaka 2010, katika maridhiano yaliyozaa Serikali ya Umoja wa Kitaifa, Katiba ya Zanzibar ilirekebishwa ikaandikwa ndani yake kwamba Zanzibar ni nchi, moja kati ya nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano.

Baadhi ya ndugu zetu wakati ule walitoa mfano wa Hudaybiyya tena: Suhayl bin Amr alikataa lisiandikwe neno Mtume wa Mwenyezi Mungu, na Mtume (S.A.W.) akakubali lifutwe, pakaandikwa Muhammad bin Abdullah, basi na Wazanzibari waliache neno nchi, ni jina tu. Sisi hatukuukubali mfano huo. Pale Hudaybiyya jina lilipofutwa mkataba ulibaki na nguvu zake zote, na aliyeutia saini alibaki na mamlaka yake yote. Huku, mwenye kukosa jina la nchi hapokewi Jeddah, hapokewi New York, hata mpira hachezi. Machi 2017 Shirikisho la Mpira la Afrika liliipa Zanzibar uanachama kamili, vijana wakatoka barabarani kwa furaha. Julai ya mwaka huo huo uanachama ukafutwa kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Jina hapa ndiyo kalamu yenyewe.

Tume ya Jaji Warioba, katika rasimu zake za 2013, ilipendekeza serikali tatu. Hapo wakili na mbia wangekuwa watu wawili mbalimbali. Bunge Maalumu la 2014 likarudi kwenye serikali mbili, ingawa liliacha katika Katiba Inayopendekezwa nafasi ya Zanzibar kushirikiana na jumuiya za nje kwa mambo yasiyokuwa ya Muungano. Kura ya maoni ya Aprili 2015 iliahirishwa, na haijapigwa.

OIC ilibadilisha jina lake 2011, ikajiita Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, na wanachama wake ni hamsini na saba. Mzee Mwinyi amefariki tarehe 29 Februari 2024, Allah amrehemu, na mwanawe ndiye Rais wa Zanzibar tangu 2020. Mwalimu wetu wa Ng'ambo naye ametangulia. Nakala yake ya Minhaj tumeikuta kwa warithi wake, na pambizoni mwa mlango wa Wakala, mbele ya mas-ala ya wakili kujiuzia, ameandika kwa wino wa penseli mwaka tu, bila ya maelezo: 1993.

Wallahu aalam.